Camogli au Sestri Levante: siku moja ya bahari kutoka Genova uipeleke wapi?

Ukiwa Genova, mji wa bandari kaskazini-magharibi mwa Italia, na una siku moja ya kwenda baharini bila haraka, reli ya upande wa mashariki itakupitisha kwenye vituo zaidi ya kumi, lakini swali huishia kwa miji miwili: Camogli au Sestri Levante. Yote iko kwenye njia ileile ya treni, yote ina nyumba za rangi zilizopangana mbele ya maji, na picha zake zinafanana kiasi cha kumfanya mtu aone hakuna haja ya kuchagua. Haja ipo. Camogli, wenye wakazi kama 5,000, ni mji wa ngazi, kokoto na boti. Sestri, wenye wakazi kama 18,000, ni mji wa tambarare, mchanga na kukaa. Kwa uzuri wa kutazama, Camogli inashinda na haina mshindani wa karibu. Kwa kuoga, kula na kupumzika, Sestri ndiyo yenye raha zaidi. Lakini kinachopaswa kukuamulia kabla ya yote hayo ni upepo, na tutafika huko.

Portofino tunaiacha nje kwa makusudi. Haina stesheni: unashuka Santa Margherita Ligure, unapanga foleni ya basi au boti, unafika bandari ndogo yenye bei kubwa, kisha unarudi kwenye foleni ileile. Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani, nayo ni habari nyingine, na ni mbali zaidi.

Treni

Kutoka stesheni ya Genova Brignole, treni ya mkoa (Regionale) hufika Camogli kwa dakika 30 hadi 45, na Sestri kwa saa moja hivi, kutegemea inasimama wapi. Ile inayogonga kila kituo, Nervi, Bogliasco, Pieve, Sori, Recco, ndiyo inayochelewa. Nauli ya kwenda ni chini ya euro 10 kwa mji wowote kati ya hiyo miwili. Kaa upande wa kulia wakati wa kwenda, bahari iko huko.

Camogli ina mtego mmoja. Stesheni yake imeandikwa Camogli-San Fruttuoso, na si kila treni husimama hapo. Treni za Intercity husimama Sestri lakini Camogli huipita. Soma orodha ya vituo kwenye ubao kabla ya kupanda. Ukipitiwa, treni huingia kwenye handaki refu chini ya mlima wa Portofino na kutokea Santa Margherita. Shuka hapo, vuka upande wa pili, rudi.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa lazima ipigwe muhuri kwenye mashine ndogo iliyo jukwaani au mlangoni mwa stesheni kabla hujapanda. Tiketi ya simu nayo ina hatua yake: fungua kiungo na uithibitishe kabla ya kupanda. Wageni wengi wanaotozwa faini katika reli hii wamelipa nauli kamili. Walichosahau ni hatua hiyo moja. Na kama kuna mgomo, yaani sciopero, siku za kazi treni za mkoa zinazodhaminiwa kutembea ni za saa 12 hadi saa 3 asubuhi na saa 12 hadi saa 3 usiku. Unaweza kwenda mapema na kurudi jioni ukijipanga. Jumapili udhamini huo haupo.

Kuna jambo la kurudi ambalo watu hulitambua wakiwa wamechelewa. Treni nyingi za kwenda Genova huanzia safari Sestri, kwa hiyo jioni ya Jumapili ya Julai ukifika stesheni robo saa mapema unapata kiti. Treni hiyohiyo ikifika Camogli imeshajaa watu wenye taulo mbichi, nawe utasimama mpaka Brignole.

Magoti

Camogli imejengwa kwenye mteremko mkali. Kutoka stesheni mpaka ufukweni ni dakika tano au sita za kushuka ngazi, na kushuka hakumsumbui mtu. Taabu ni saa kumi jioni, kupanda ngazi zilezile na begi, miavuli na mtoto aliyelala. Kigari cha mtoto ni mzigo tu hapa. Mzee mwenye maumivu ya magoti atafurahia ufukwe lakini atalipia kurudi.

Mteremko huohuo ndio unaoufanya mji upendeze. Nyumba za mbele ya bahari zina ghorofa sita au saba na milango katika ngazi mbili tofauti: mmoja chini, kwenye njia ya miguu ya Via Garibaldi inayopita juu ya ufukwe, mwingine ghorofa kadhaa juu, ukitokea Via della Repubblica kwa nyuma. Simama Via Garibaldi utazame ukuta mmoja tu kwa dakika tano. Dirisha la kwanza ni la kweli, limefunguliwa, kuna shuka linakauka. Linalofuata lina vioo, pambo la jiwe juu na kivuli chini ya kizingiti, na lote ni rangi iliyopakwa kwenye ukuta bapa. Ukitaka kulikamata, fuata vivuli: jua likihama, kivuli cha dirisha la kweli huhama nalo, cha rangi kinabaki palepale. Upakaji huu umeenea mkoa wote huu wa Liguria, lakini Camogli umepangwa kwa urefu na ukaribu ambao Sestri haina.

Ukimaliza ufukwe, unapita karibu na basilika ya Santa Maria Assunta na ngome ndogo ya Dragonara, unaingia chini ya tao, na ghafla uko bandarini: boti za wavuvi, nyavu zilizotandazwa, meza za mikahawa. Mji mzima wa kutembea ni huo. Saa moja na nusu inatosha kuumaliza polepole. Karne ya 19 bandari hii ndogo ilikuwa na kundi kubwa la merikebu za matanga kiasi cha kuitwa mji wa matanga meupe elfu moja. Makumbusho ya bahari ya Gio Bono Ferrari yanahifadhi habari zake, ila saa zake za kufungua ni chache, kwa hiyo usiyafanye nguzo ya siku yako.

Sestri ni kinyume kabisa. Unatoka stesheni, unafuata Viale Roma moja kwa moja mpaka baharini, dakika kumi hadi kumi na tano bila ngazi hata moja. Mji mkongwe umekaa kwenye shingo nyembamba ya ardhi inayounganisha bara na rasi ambayo zamani ilikuwa kisiwa, na mpaka leo wenyeji huiita Isola. Kila upande wa shingo kuna ghuba. Ya magharibi, ndefu na pana, ni Baia delle Favole, Ghuba ya Hadithi, kwa kumbukumbu ya Hans Christian Andersen, mwandishi wa hadithi kutoka Denmark, aliyepita hapa mwaka 1833. Tuzo ya hadithi za watoto yenye jina lake hutolewa Sestri tangu 1967. Ya mashariki, ndogo kama kiganja, ni Baia del Silenzio, Ghuba ya Ukimya. Katikati inapita Via XXV Aprile, barabara ya waenda kwa miguu yenye maduka, na vichochoro vyake vya pembeni vinakufikisha majini kwa dakika moja.

Maji

Msomaji aliyezoea Tanga, Mombasa au Unguja aanze kwa kusahau ratiba ya kujaa na kupwa. Hapa maji hupanda na kushuka kwa kiasi kidogo sana. Hakuna bamvua, na ufukwe wa asubuhi ndio ufukwe wa jioni. Kisha ajiandae kwa baridi. Mwezi Mei bahari huwa nyuzi 17 au 18, na picha za jua kali haziwezi kukuambia hivyo. Kuoga kwa starehe ni kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba. Agosti maji hufika nyuzi 24 hadi 26. Septemba, wiki mbili za kwanza hasa, ndiyo bora kuliko yote: maji bado yana joto, watu wamerudi kazini.

Ufukwe wa Camogli ni kokoto tupu, za kijivu, nyingine za ukubwa wa yai. Bila viatu vya mpira utaingia majini kama mtu anayekanyaga makaa. Kina huja haraka: hatua chache tu na maji yako kifuani. Kwa anayejua kuogelea na ana miwani ya kupigia mbizi hiyo ni faida, maana hakuna mchanga wa kutimuka na maji ni maangavu. Kwa mtoto wa miaka minne si mahali pa kumwacha hata kwa kufumba jicho. Asubuhi jua huchelewa kufika ufukweni kwa sababu mlima na majumba viko upande wa mashariki. Fidia yake ni jioni, jua linapozama baharini mbele yako. Kokoto ziache palepale, kuzibeba nyumbani ni kosa lenye faini.

Sestri kuna mchanga pande zote mbili. Baia delle Favole ni ya familia: maji mafupi, nafasi ndefu, na sehemu kubwa imekodishwa kwa bagni, yaani fukwe za kulipia. Mwavuli mmoja na viti viwili vya kulala ni kama euro 25 hadi 40 kwa siku, Agosti hata zaidi, na safu ya mbele hupigiwa simu siku kadhaa kabla. Kipande kilichoandikwa spiaggia libera ni cha bure. Sheria inakuruhusu kupita na kuoga mbele ya bagni yoyote bila kulipa, ila ule ukanda wa mwisho kando ya maji ni wa kupita, si wa kutandika taulo.

Baia del Silenzio ndiyo iliyo kwenye picha zote, na ndiyo inayovunja watu moyo. Ni ndogo, na Julai na Agosti saa nne asubuhi taulo zimeshagusana. Miaka ya karibuni manispaa imewahi kuweka kikomo cha watu wakati wa joto, kwa hiyo soma bango kabla ya kushuka. Inatazama kusini-mashariki: jua ni la asubuhi, alasiri nyumba na rasi huanza kuifunika kwa kivuli. Mpango unaofanya kazi ni kuwa hapo saa mbili au saa tatu asubuhi, kuoga, kuondoka saa nne watu wakijaa, na alasiri kuhamia Baia delle Favole ambako jua bado lipo mpaka magharibi. Anayefanya kinyume, yaani Favole asubuhi na Silenzio alasiri, hupata msongamano kwanza na kivuli baadaye.

Konyeza wa zambarau huja pande zote mbili katika baadhi ya siku za kiangazi, wakisukumwa na upepo na mkondo. Ukiona wenyeji wamesimama ukingoni na hakuna anayeingia, usijifanye shujaa.

Upepo ndio unaoamua

Pwani yetu kila mtu anajua kusi na kaskazi zinamaanisha nini kwa chombo. Huku majina ya kukumbuka ni mawili. Libeccio hutoka kusini-magharibi na kuleta mawimbi makubwa; Camogli imeikabili uso kwa uso. Siku hiyo mawimbi hupiga kokoto kwa kishindo, boti hazitoki, na kuoga hakuna. Scirocco hutoka kusini-mashariki, ya joto na unyevu; safari hii Camogli imekingwa na mlima wa Portofino, na anayepigwa ni Baia del Silenzio. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari fungua utabiri wa bahari na utazame mshale. Ukitoka kusini-magharibi, nenda Sestri, kaa upande wa Silenzio nyuma ya rasi. Ukitoka kusini-mashariki, nenda Camogli, au Sestri upande wa Favole. Kama hakuna upepo wa maana, ndipo uanze kuchagua kwa moyo.

Watu hutazama jua na mvua peke yake, wakaona alama ya jua, wakaenda Camogli kwa ajili ya boti na kukuta kibanda cha tiketi kimefungwa chini ya anga la buluu. Mawimbi ya libeccio huweza kubaki siku nzima baada ya upepo wenyewe kutulia.

Boti ya San Fruttuoso, na kwa nini inaweza kukuharibia mapumziko

Sababu kubwa ya wengi kwenda Camogli ni boti ya dakika 30 hivi kwenda San Fruttuoso, ghuba ndogo yenye abasia ya watawa Wabenedikto ambayo haifikiki kwa barabara, ni kwa boti au kwa miguu tu. Abasia iko chini ya FAI, shirika la Italia la kuhifadhi urithi, tangu 1983, na ndani yake kuna makaburi ya ukoo wa Doria wa Genova. Ufukwe ulio mbele yake ulitokana na mafuriko ya mwaka 1915 yaliyobomoa sehemu ya kanisa. Nje kidogo, kwenye kina cha mita 17 hivi, imesimama sanamu ya shaba ya Kristo aliyeinua mikono, kazi ya Guido Galletti, iliyoshushwa mwaka 1954. Wapiga mbizi huifuata. Aliye juu ya boti asitarajie kuiona vizuri.

Njiani boti hupita Punta Chiappa, na kati ya Aprili na Septemba huko kunatandazwa tonnarella, mtego wa kale wa kunasa jodari na samaki wengine wapitao. Nyavu zake husukwa kwa kamba za nyuzi za nazi, na msimu ukiisha hukatwa zikazama na kuoza zenyewe. Aliyewahi kuona makumbi yakifukiwa kwenye tope la pwani ya Unguja ili yatoe usumba hatahitaji kuelezwa zaidi.

Tatizo ni hesabu ya saa. Weka euro 20 kwa mtu kwa boti ya kwenda na kurudi, na kiingilio cha abasia kando. Kwenda, kutazama, kuoga, kula na kurudi ni saa nne kwa uchache. Ukifika Camogli saa tano, ukapanda boti ya saa sita, huna tena siku ya utulivu. Una siku ya kuangalia saa. Uliza saa ya boti ya mwisho ya kurudi kabla ya kununua tiketi. Ukiikosa, au bahari ikichafuka, njia iliyobaki ni ya mlima: karibu saa tatu za kupanda na kushuka mpaka Camogli, na kandambili haziwezi. Uamuzi wetu ni huu: San Fruttuoso kwa atakayekuwa bandarini kabla ya saa tatu asubuhi. Mwingine abaki mjini, au apande ngazi mpaka kijiji cha San Rocco, dakika 40 hivi, atazame ghuba yote kutoka uwanja wa kanisa.

Sestri haina kitu cha uzito huo, na hilo ni jema kwa siku ya kupumzika. Panda Isola, pita magofu ya kanisa dogo la Santa Caterina lililopigwa mabomu katika Vita vya Pili, ufike San Nicolò, kanisa la mwaka 1151, mahali penye kivuli na ukimya ambao ghuba yenye jina hilo haina tena. Karibu na ncha ya rasi kuna mnara ambamo Guglielmo Marconi, mwanzilishi wa mawasiliano ya redio, alifanyia majaribio yake miaka ya 1930. Kwa mwenye miguu, njia ya Punta Manara huanzia Vico del Bottone katikati ya mji: saa moja na zaidi kidogo kwenda, kivuli cha misonobari, maji hakuna, beba lita moja kwa mtu. Kwa picha ya Baia del Silenzio panda tu mpaka kanisa la watawa Wakapuchini. Ni dakika chache.

Kula

Hapa miji inakaribiana, isipokuwa Camogli iko jirani na Recco, na focaccia (mkate bapa) ya jibini ya Recco ni kitu cha kusafiria. Ni matabaka mawili ya unga usiotiwa hamira, membamba mpaka yanaona mwanga, na jibini laini la crescenza kati yake, katika tanuri kali kwa dakika chache. Iliwe ya moto, papo hapo. Ikipoa inakuwa ngozi. Focaccia ya kawaida, yenye hamira, chumvi na mafuta ya zeituni, ndiyo ya kubeba ufukweni. Inauzwa kwa uzito: sema due etti, gramu 200, na utalipa euro chache. Farinata, ya unga wa dengu, mafuta na maji, huokwa kwenye sinia pana la shaba. Mla bajia ataijua kwa harufu.

Asiyekula nguruwe aulize kuhusu strutto, mafuta ya nguruwe, ambayo baadhi ya maduka ya mikate hutumia. Na vitamu maarufu vya Camogli, camogliesi, katika aina yake ya asili vina rum ndani; vipo vya ladha nyingine, uliza kwanza. Sestri, tafuta bagnun, chakula cha wavuvi wa Riva Trigoso iliyo jirani: dagaa wakubwa wabichi, nyanya, kitunguu, juu ya biskuti kavu za mabaharia. Ni chakula kimoja ambacho mtu wa pwani atakielewa bila mkalimani.

Jiko la mkahawa hufungwa saa nane na nusu mchana na halifunguki tena mpaka saa moja na nusu usiku. Anayetoka majini saa tisa akiwa na njaa atabaki na focaccia. Kwenye bili utaona coperto, euro 2 au 3 kwa kila mtu kwa meza na mkate, si wizi. Kahawa ya kusimama kaunta ni euro moja na ushei, ya mezani mbele ya bahari huweza kuzidi mara mbili, na Camogli bandarini ndiko kunakozidi.

Kama huwezi kuacha hata mmoja

Inawezekana, kwani kati ya miji hii ni nusu saa ya treni, ila uanze Sestri. Uwe Baia del Silenzio saa tatu asubuhi, ule saa saba, upande treni alasiri, ushuke Camogli saa kumi na moja watu wa boti wakianza kuondoka, na ubaki Via Garibaldi mpaka jua lizame. Utarudi Genova na treni ya usiku isiyo na msongamano. Jumapili ya pili ya Mei usijaribu mpango huu: Camogli kuna Sagra del Pesce, samaki wanakaangwa kwenye kikaango cha kipenyo cha mita 4 hivi, na ngazi za stesheni zinajaa kuanzia asubuhi.